Kama fisi hafi kwa kimeta, kwa nini damu yake isitupatie kinzasumu?

MwalimuLongido ameuliza:

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari na pia ni mfugaji wa ng'ombe wachache, na swali langu limetokana na jambo lililotokea karibu na nyumbani mwezi uliopita. Ng'ombe wa jirani yangu alikutwa asubuhi amekufa, ilhali jioni iliyotangulia alikuwa amerudi kutoka machungani akiwa mzima. Tumbo lilikuwa limekwisha kujaa, miguu haikuwa imekakamaa kama ilivyo kawaida ya mzoga, na puani ilikuwa ikichuruzika damu nyeusi nyeusi ambayo haikuganda hata jua lilipopanda. Wazee walipoiona damu ile walisema ni kimeta na wakakataza mtu yeyote asimchune. Afisa mifugo wa kata alikuwa mbali siku ile, usiku ukaingia kabla shimo halijachimbwa, na fisi wakaja. Kulipopambazuka tumbusi walikuwa wamejaa pale, na ilipofika saa nne kilichobaki ni mifupa na doa jeusi ardhini.

Fisi wale tunawasikia kila usiku mpaka leo. Kwa upande mwingine, kijana mmoja aliyesaidia kumburuta ng'ombe yule kwa kamba aliota kipele kwenye kifundo cha mkono siku chache baadaye. Kilianza kama alipoumwa na mbu, kikawa lengelenge, kisha kikageuka kidonda chenye gamba jeusi kama mkaa, kimevimba pembeni lakini hakimuumi hata ukikibonyeza. Alipewa antibaiotiki, akapona, na tunamshukuru Mungu.

Sasa naomba wenye elimu ya jambo hili wanisaidie. Darasani tunafundisha kwamba seramu ya farasi, yaani majimaji yanayobaki juu damu yake ikiganda, imeokoa watu wengi kutokana na dondakoo na pepopunda. Ikiwa farasi, ambaye tunaambiwa hana kinga ya pekee, anaweza kutoa dawa, je, wanyama wanaokula mizoga na kubeba bakteria hawa miilini mwao bila kudhurika hawana kitu bora zaidi katika damu yao? Kwa nini wataalamu wasichukue damu ya fisi, tumbusi au mamba, wakaitoa humo kinzasumu, yaani dawa ya kuizima sumu ya bakteria, ya kimeta na ya maradhi mengine ya namna hiyo? Je, kuna aliyewahi kujaribu?

Mganga_wa_Mifugo amejibu:

Mwalimu, asante kwa swali lililoulizwa kwa uangalifu, na pole kwa jirani yako. Nimefanya kazi ya tiba ya mifugo kwa miaka mingi katika maeneo yenye kimeta, na swali hili nimeulizwa na wafugaji mara nyingi, ingawa si kwa ufasaha huu.

Nianze na mahali ambapo fikra zetu wengi hupotea. Mnyama kubeba bakteria ni jambo moja, mnyama kutodhurika na sumu ya bakteria hao ni jambo la pili, na mnyama kuwa na kingamwili, yaani protini za kinga, zinazoizima sumu hiyo ndani ya damu yake ni jambo la tatu. Tunazoea kuyafunga yote matatu katika kifurushi kimoja, lakini ni hilo la tatu peke yake linaloweza kuchotwa kwa sindano kutoka mwili mmoja na kutiwa katika mwili mwingine likafanya kazi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni farasi huyo huyo uliyemtaja. Bakteria wa pepopunda huishi katika udongo, na spora zake, yaani bakteria waliojifunga katika ganda gumu, hupita katika utumbo wa farasi na kutoka na samadi yake. Ndiyo maana kidonda kilichochafuliwa na samadi ya zizini kinaogopwa sana. Farasi ni mbebaji, basi. Je, kubeba huko kumempa kinga? Hata kidogo. Katika mifugo yote, farasi ni miongoni mwa wanaokufa kwa pepopunda kwa urahisi zaidi: akichomwa na msumari kwatoni, masikio husimama, mkia huinuka, kope ya tatu hufunika jicho, na baada ya siku chache huanguka asiinuke tena. Punda naye huugua vivyo hivyo, na jina letu lenyewe la ugonjwa huu lina punda ndani yake. Spora zinazopita utumbo mzima hazigusani na damu, na mwili haujifunzi kutokana na kitu ambacho haujakutana nacho.

Upande wa pili yupo panya. Sumu ya dondakoo ambayo kipimo chake kidogo mno humuua simbilisi wa maabara, panya huistahimili kwa kiwango kikubwa. Mtu angedhani damu ya panya imejaa kinzasumu, lakini haina. Sumu ya dondakoo huingia katika seli kwa kushika kipokezi kilichopo juu ya utando wa seli hiyo, na kipokezi cha panya kina umbo tofauti kidogo na la binadamu, kwa hiyo sumu hupita kama ufunguo usioingia kwenye kitasa. Kinga ya namna hii ni ya maumbile. Huwezi kuichota, kwa sababu haimo katika damu. Imo katika kila seli ya panya. Kuku pia huistahimili sana sumu ya pepopunda, naye haikustahimili kwa kuwa damu yake ina dawa.

Sasa nije kwa fisi na tumbusi. Tumbusi ana tumbo lenye asidi kali kupita wanyama wengi, na sehemu kubwa ya bakteria anaowameza huishia humo. Hata hivyo si wote. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza tumbusi wa Amerika walikuta utumbo wao umetawaliwa na makundi mawili ya bakteria, mojawapo likiwa lile lile la ukoo wa bakteria wa pepopunda na botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli. Na hapa swali lako linapata nguvu, kwa maana utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 1979 uliwapima ndege na wanyama wa porini na kukuta katika baadhi ya tumbusi kingamwili dhidi ya sumu ya botulizimu. Huku kwetu, sampuli za damu zilizokusanywa katika mfumo wa ikolojia wa Serengeti kati ya mwaka 1996 na 2009 zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya simba na fisi waliopimwa walikuwa na kingamwili dhidi ya kimeta. Kwa hiyo hukukosea: katika damu ya fisi wako wa Longido huenda kweli kuna kingamwili hizo, kwa sababu amekula mizoga ya namna ile mara nyingi maishani, na kila mara mwili wake umejifunza.

Kinachobaki ni kujua kama kiasi na ubora wake vinatosha kuwa dawa, na hapo ndipo farasi anapomshinda fisi kwa mbali sana. Farasi wa dawa hategemei bahati ya kukutana na mzoga. Hufundishwa. Kwanza hupewa toksoidi, yaani sumu iliyotulizwa kwa formalini hadi ikapoteza makali yake lakini ikabaki na sura yake, na hurudiwa kila baada ya muda kwa viwango vinavyopandishwa taratibu, hadi mwishoni baadhi yao huweza kupokea sumu halisi kwa kiasi ambacho kingewaua farasi wengi wasiofundishwa, nao wakaendelea kula nyasi. Damu yao hupimwa mara kwa mara, na kingamwili zinapofika kiwango kinachotakiwa ndipo huvunwa kutoka kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Farasi wa kilo 500 ana damu inayokaribia lita 40, kwa hiyo unaweza kuchukua lita kadhaa kwa wakati mmoja, na katika vituo vya siku hizi chembe nyekundu hurudishwa mwilini mwake, ikibaki plazima, yaani majimaji ya damu, peke yake. Fisi wa kilo 55 ana damu ya lita 4 hivi kwa jumla. Ili umchukue nusu lita itabidi umlaze kwa dawa ya usingizi, na kabla ya hapo umhakikishe kwamba hana kichaa cha mbwa. Tumbusi simtaji hata kidogo: tumbusi mgongo-mweupe aliingizwa mwaka 2015 katika orodha ya viumbe walio hatarini zaidi kutoweka, na sumu anazotegewa kwenye mizoga zinamtosha.

Kuhusu kama kuna aliyewahi kujaribu kinzasumu ya kimeta, yupo. Achille Sclavo wa Italia alitengeneza seramu dhidi ya kimeta mwaka 1895, kwanza kwa kondoo na baadaye kwa punda, na ilitumika kutibu watu kwa miongo kadhaa kabla ya penisilini. Angalieni aliowachagua: wanyama wa zizini, wapole, wanaofundishika. Hakwenda porini.

Mama_Wodi3 amejibu:

Habari zenu wote. Mimi ni muuguzi mstaafu, na ningependa kuongeza upande wa mgonjwa, kwa kuwa kinzasumu hizi tumezishika kwa mikono yetu.

Katika miaka ya themanini, mtu aliyekuja na jeraha chafu na hana historia ya chanjo tulimpa seramu ya farasi ya pepopunda, yuniti 1,500, lakini haikuchomwa hivi hivi. Kwanza tuliizimua, tukadunga tone dogo chini ya ngozi ya mkono upande wa ndani, tukasubiri nusu saa huku adrenalini ikiwa imeshavutwa kwenye sirinji pembeni ya trei. Kama paliinuka uvimbe mwekundu wenye kuwasha, tulijua mwili wake unaikataa protini ya farasi. Wapo waliopita jaribio hilo salama, wakarudi baada ya wiki moja au siku kumi wakiwa na homa, vipele mwili mzima na maungio yanayouma. Hayo si maradhi mapya. Clemens von Pirquet na Béla Schick waliyaeleza kwa kina mwaka 1905. Siku hizi penye uwezo hutumika kingamwili zilizotoka kwa watu waliochanjwa, ambazo yuniti 250 zake hutosha kwa kinga kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu zaidi kuliko za farasi.

Nawaomba mlitafakari hili mnapowaza kuhusu fisi. Kila mnyama mnayemuongeza ni protini nyingine ngeni katika damu ya mtoto wa mtu.

Jambo la pili ni saa. Nakumbuka mvulana wa miaka kumi na mmoja aliyeletwa siku tisa baada ya kukanyaga msumari zizini. Alikuwa hawezi kufungua kinywa, mgongo umejipinda kama upinde, na akili zake zote timamu. Hilo ndilo linaloumiza moyo, kwamba anajua kila kitu. Tulimweka katika chumba kidogo cha mwisho, tukafunika dirisha kwa khanga mbili, na mlango tuliufunga kwa kitambaa usije ukagonga, kwa sababu sauti yoyote ilimletea mkakamao mpya. Kinzasumu alipewa saa ile ile aliyofika. Lakini mkakamao uliendelea kwa wiki tatu. Mama yake aliniuliza kama dawa ilikuwa mbovu. Ilinibidi nimweleze kwamba dawa hii hukamata sumu iliyomo njiani, ile inayozunguka katika damu, lakini sumu iliyokwisha kuingia ndani ya mishipa ya fahamu haiwezi kuifuata. Hapo ni kumtunza mgonjwa hadi neva zijijenge upya. Alitoka wodini wiki ya tano, akitembea kwa kushikwa mkono.

MwalimuLongido ameandika:

Shikamoo mama, na asante sana. Daktari, nawe nakushukuru. Mfano wa farasi anayebeba spora kwenye utumbo na bado anakufa kwa ugonjwa huo huo umenifungua macho, na nitautumia darasani.

Naomba nisukume swali hatua moja mbele. Nimewaelewa kwamba fisi hafai kuwa kiwanda. Lakini je, hakuna namna ya kuchukua maarifa yaliyomo katika damu yake bila kuichukua damu yenyewe? Na je, mnyama mbebaji hawezi kuwa hatari kwa dawa anayoitoa?

Maabara_Dar amejibu:

Mwalimu, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu lina jibu la kusikitisha lililoandikwa katika historia.

Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walichapisha mwezi Desemba 1890 huko Berlin kwamba seramu ya mnyama aliyekingwa dhidi ya pepopunda au dondakoo inaweza kumkinga mnyama mwingine. Miaka minne baadaye Émile Roux mjini Paris aliitumia seramu ya farasi kwa mamia ya watoto wenye dondakoo, na vifo hospitalini vikashuka kutoka takriban nusu ya wagonjwa hadi takriban robo. Miji mingi ikaanza kufuga farasi wa dawa. Mji wa St. Louis huko Marekani ulikuwa na farasi aitwaye Jim, aliyewahi kuvuta gari la maziwa, na kwa miaka mitatu alitoa seramu nyingi ya dondakoo. Mwanzoni mwa Oktoba 1901 Jim alionyesha dalili za pepopunda, akauawa. Lakini seramu iliyovunwa kwake mwishoni mwa Septemba, wakati dalili hazijaonekana na sumu imekwisha kuingia katika damu, ilikuwa imetiwa katika chupa na kusambazwa pasipo kupimwa ipasavyo. Watoto 13 waliopewa dawa ya dondakoo walikufa kwa pepopunda. Mwaka uliofuata, 1902, Marekani ilipitisha sheria yake ya kwanza ya kusimamia utengenezaji wa chanjo na seramu, na msiba huu ulikuwa miongoni mwa sababu zake.

Mimi hupima dawa kwa kazi, na kisa cha Jim sikimalizi kukifikiri. Aliyewakinga watoto dhidi ya ugonjwa mmoja aliwapelekea mwingine, na mwingine huo ulitokana na bakteria wale wale ambao Daktari amesema hupita katika utumbo wa kila farasi. Kwa hiyo ndiyo, mnyama mbebaji anaweza kuwa hatari, na ndiyo sababu farasi wote wa dawa za siku hizi huchanjwa dhidi ya pepopunda hata kama hawatumiki kwa dawa ya pepopunda, na kila mkupuo wa seramu hupimwa kabla haujatoka.

Kuhusu mwili kuikataa protini ngeni, tatizo ambalo Mama amelieleza vizuri, kuna hatua iliyopigwa. Kingamwili ina umbo la herufi Y. Mikono yake miwili ndiyo hukamata sumu, na mguu wake ndio huchochea sehemu kubwa ya ghasia mwilini mwa mgonjwa. Ukiiloweka katika kimeng'enya cha pepsini, mguu hukatwa na kumomonyoka, mikono ikabaki imeshikana. Kinzasumu ya aina 7 za botulizimu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013 hutengenezwa hivyo kutoka kwa farasi. Botulizimu, kwa wasiouzoea, ni kinyume cha pepopunda: badala ya kukakamaa, misuli hulegea kuanzia kope na kushuka hadi ile ya kupumulia. Huku kwetu si jambo la vitabuni tu. Jarida moja la tiba la Uingereza mwaka 1980 liliripoti mlipuko wake nchini Kenya baada ya watu kula kumbikumbi, na mwaka 2008 uliwapata wanafunzi wa shule ya bweni nchini Uganda. Sumu hii haihitaji mzoga. Chakula kilichofungiwa mahali pasipo hewa kinatosha.

Sasa, maarifa bila damu. Hapa nina furaha kukuambia kwamba ndiyo, inawezekana. Kingamwili hutengenezwa na seli nyeupe za damu, na ndani ya kila seli ya aina hiyo mna maelekezo ya kijenetiki ya kingamwili moja. Ukiipata seli inayotengeneza kingamwili iliyo bora, unaweza kuyasoma maelekezo hayo, ukayapandikiza katika seli zinazokuzwa ndani ya matangi, ukavuna kingamwili hiyo moja pasipo kurudi kwa mnyama tena. Dawa mbili za kimeta zimetengenezwa kwa njia ya kingamwili za aina moja, raksibakumabu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012 na obiltoksaksimabu mwaka 2016. Zote mbili hushika protini ile moja katika sumu ya kimeta ambayo kazi yake ni kuzifungulia mlango protini nyingine mbili zenye kudhuru. Mlango usipofunguliwa, hizo mbili hubaki nje ya seli. Antibaiotiki aliyopewa kijana wenu inaua bakteria, nayo ilitosha kwa sababu kidonda kilikuwa cha ngozi na kiliwahiwa. Lakini kimeta kikiingia mapafuni au kikasambaa katika damu, bakteria wanaweza kufa wote na sumu waliyokwisha kuimwaga ikaendelea kuua. Hapo ndipo kinzasumu inapohitajika pamoja na antibaiotiki.

Mnyama ambaye kwa maoni yangu anastahili kutazamwa zaidi kuliko fisi ni ngamia. Mwaka 1993 watafiti wa Brussels walitangaza kwamba sehemu ya kingamwili za ngamia zina muundo mwepesi kuliko zetu, zikikosa kabisa minyororo ile midogo ya pembeni. Kipande chake kinachokamata ni kidogo mno, hakiharibiki upesi kwa joto, na hutengenezeka kwa wepesi hata ndani ya bakteria wa maabara. Vipande vya namna hii dhidi ya sumu ya botulizimu vimekwisha kutengenezwa kutokana na jamaa wa ngamia wa Amerika ya Kusini. Kila nikipita mnadani nikaona ngamia wamefungwa magoti, wanatafuna kwa utulivu wao ule, huwa nasimama kidogo.

Umemtaja pia mamba. Hapo tutenganishe tena. Katika damu ya mamba na ya mjusi mkubwa wa Komodo zimepatikana protini fupi zinazotoboa na kuua bakteria wenyewe, na mwaka 2017 wanasayansi wa chuo kikuu cha George Mason walichapisha moja waliyoiunda kwa kuiga ya Komodo, ambayo iliharakisha kupona kwa vidonda vya panya wa maabara. Ni kazi nzuri sana, lakini hiyo ni silaha dhidi ya bakteria. Kinzasumu haimgusi bakteria hata mmoja.

MwalimuLongido ameandika:

Nawashukuru mno. Afisa mifugo alifika, mabaki yamefukiwa katika shimo la mita 2 na juu yake tumeweka miiba na mawe. Ng'ombe wa vitongoji viwili wamechanjwa. Nina mbwa wawili ambao, najua, waliwahi pale kabla ya fisi, kwa sababu walirudi midomo imejaa damu. Hawajaugua hadi leo. Je, niwe na hofu nao, na je, damu yao ina faida yoyote kwa mtu?

Mganga_wa_Mifugo amejibu:

Mwalimu, kwa muda uliopita sasa, kama hawajavimba shingo wala kukataa chakula, wamekwisha kuvuka. Mbwa hukistahimili kimeta kuliko ng'ombe kwa kiasi kikubwa. Watoto wasiwashike midomoni na usiwaruhusu kwenda pale shimoni kufukua.

Kuhusu ng'ombe waliochanjwa, chanjo tunayotumia inatokana na bakteria hai waliopungukiwa na ganda lao, waliotengwa na Max Sterne huko Afrika Kusini katika miaka ya thelathini. Bakteria hao hutoa sumu kidogo tu, ng'ombe akajitengenezea kingamwili zake mwenyewe. Kwa maneno mengine, kila ng'ombe wako sasa anafundishwa kama yule farasi, isipokuwa dawa anajitilia mwenyewe. Msiwape antibaiotiki kwa wiki mbili hizi, kwa sababu mtawaua bakteria wa chanjo kabla somo halijaisha, na msisahau kurudia mwaka ujao.

Na damu ya mbwa wako ina faida, ingawa si ya kumtibu mtu. Mbwa anayekula mizoga hubaki na kingamwili za kimeta, kwa hiyo ukipima mbwa wa boma kumi unajua kimeta kimepita wapi, hata pale ambapo hakuna ng'ombe aliyeripotiwa kufa. Mwezi ujao nitakuwa upande wa Namanga kwa kazi nyingine. Ukikubali, nitapita kwako asubuhi, kabla hawajala. Nitahitaji mililita 5 kutoka mshipa wa mguu wa mbele wa kila mmoja na mtu wanayemzoea wa kuwashika vichwa. Wanafunzi wako nao waje, tutaiacha damu isimame mezani kwenye kivuli, wataona wenyewe inavyoganda chini na seramu ya rangi ya majani makavu ikibaki juu.

MwalimuLongido ameandika:

Karibu sana, Daktari. Mmoja anaitwa Simba na ni mkali kwa wageni, lakini binti yangu atamshika.